Kizimba cha chatu Nyanda za Juu: baridi kwanza, mengine baadaye

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako tuzungumze na wasomaji wachache wa Mbeya, Iringa na Njombe wanaofuga, au wanaotamani kufuga, yule chatu mdogo wa Afrika Magharibi anayeitwa chatu mpira kwa sababu akiogopa hujikunja duara na kuficha kichwa katikati. Ushauri anaokutana nao mfugaji mpya karibu wote umeandikwa kwa watu ambao nyumba zao zina mitambo ya joto, au unatoka kwa rafiki aliyeko Dar es Salaam. Ukiufuata ulivyo ukiwa Uyole mwezi wa saba, nyoka anapata homa ya mapafu na kufa. Huku kwetu kizimba cha chatu ni chombo cha kutunza joto kabla hakijawa kitu kingine chochote, na ndiyo maana tunaandika.

Kibali kinatangulia msumari wa kwanza. Chatu mpira yumo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo havushwi mpaka wa nchi kihalali bila hati ya nchi anakotoka. Nenda ofisi ya wanyamapori ukaulize kabla hujatoa hela, usiende baada ya kutoa. Na usikubali kuuziwa mtoto wa chatu wetu wa porini kwa jina la chatu mpira. Huyo wa porini ana alama ya kahawia iliyochongoka kama kichwa cha mkuki utosini, imezungushiwa mistari ya manjano inayoanzia puani na kupita juu ya macho. Akikua huvuka mita 3 bila shida, na kukaa naye bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Chatu mpira jike aliyekomaa huwa na sentimita 120 hadi 150, dume huwa mfupi zaidi. Kizimba tunachokieleza hapa ni cha huyo.

Kwao, yaani Ghana, Togo, Benin na jirani zake, nyoka huyu hulala mchana ndani ya mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa, mahali penye giza, joto na unyevu. Usiku wa Accra mara chache hushuka chini ya nyuzi 20. Mbeya mjini ipo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai hushuka chini ya nyuzi 10 nje. Ndani ya nyumba ya matofali isiyo na dari unaweza kusoma nyuzi 13 alfajiri. Makete tusiseme. Nyoka hana joto lake mwenyewe. Tumbo lake, mapafu yake na kinga yake vyote hufanya kazi kwa joto analolikuta nje ya ngozi. Anahitaji upande mmoja wa kizimba wenye nyuzi 31 hadi 33 pale anapojianika, upande wa pili nyuzi 25 hadi 27, na usiku kusiwe na kona inayoshuka chini ya 24.

Sasa sanduku. Kosa la kwanza tunaloliona ni tangi la samaki lenye mfuniko wa wavu. Kioo kinapitisha joto kama hakipo, na wavu juu ni bomba la moshi: joto lote linapanda na kutoka, na unyevu unaondoka nalo. Tumia mbao. Shiti moja ya plaiwudi ya milimita 18, ile ya sentimita 244 kwa 122 inayotoka Mafinga, inatosha kizimba cha sentimita 120 kwa 60 kwa 60, ukiacha upande wa mbele. Ikate vipande vinne vya 120 kwa 60. Vitatu ni sakafu, paa na mgongo. Cha nne kigawe katikati, upate mbavu mbili za 60 kwa 60. Kinachobaki ni vipande vya pembeni tu. Mbele weka ubao wa inchi 4 chini, unaozuia matandiko yasimwagike, na mwingine juu. Katikati yake pitisha reli ya vioo vya kabati yenye vioo viwili vya milimita 5. Kila kioo kiwe nusu ya upana wa ndani ukiongeza sentimita 2, ili vipishane sentimita 4. Kufuli ni lile la shokesi za madukani, lenye meno na ufunguo.

Ziba viungo vyote vya ndani kwa silikoni isiyo na dawa ya kuvu. Paka vanishi ya maji mikono mitatu, kisha acha wazi siku 10 hadi 14. Ukiingiza kichwa ndani ukasikia harufu ya siki au ya rangi, bado. Pafu la nyoka linalofanya kazi ni moja na nusu hivi, na hana kikohozi cha kusafishia koo, kwa hiyo harufu inayokukera wewe yeye inamwumiza.

Plaiwudi tupu haitoshi Mbeya, na hapa tunaomba msomaji afuate hesabu. Chumba kikiwa nyuzi 13 na ndani ya kizimba unataka wastani wa nyuzi 25, sanduku hili la plaiwudi tupu linapoteza takriban wati 150 muda wote. Likivikwa kwa nje stairofomu ya milimita 25, ile ile ya maboksi ya samaki na ya kufungia runinga mpya, juu, chini, mgongoni na mbavuni, upotevu unashuka hadi wati 75 hivi, na karibu nusu ya hizo zinapitia kwenye vioo. Kwa hiyo kuanzia saa 12 jioni shusha blanketi mbele ya vioo kama pazia, bila kuziba matundu ya hewa. Wati 150 kwa saa 24 ni uniti 3.6, wati 75 ni uniti 1.8. Mchana matumizi hupungua, lakini uwiano unabaki uleule. Kwa mwenye mita ya tarifa ya chini ya uniti 75 kwa mwezi, tofauti hiyo peke yake inaweza kumtoa kwenye bei nafuu. Shiti mbili tatu za stairofomu zinajilipa ndani ya msimu mmoja. Ziwe nje ya sanduku, zifunikwe kwa plaiwudi nyembamba au hadibodi, maana panya wa nyumbani wanaipenda kuitafuna. Na sanduku lote likae juu ya meza au stendi ya nusu mita, lisikae kwenye sakafu ya saruji.

Chanzo cha joto kiwe taa ya kauri isiyotoa mwanga, ya wati 150, ikining'inia paani upande mmoja. Ukubwa huo ni wa akiba, kwa sababu kwa kawaida itakuwa inapumzika nusu ya muda. Uso wake huvuka nyuzi 200, kwa hiyo holda iwe ya kauri, kamwe isiwe ya plastiki, na waya uwe wa kustahimili joto. Kati ya holda na plaiwudi ya paa weka kipande cha bati kilichoachiwa nafasi ya sentimita 2 ya hewa. Izungushie kizimba chake kidogo cha wavu wa matundu yasiyozidi milimita 10, kikae mbali na taa sentimita 5 kila upande. Chatu hupanda kufuata joto, hujizungusha kwenye taa, na ngozi yake haimwambii mapema kwamba anaungua. Vidonda vya namna hiyo huchukua miezi.

Mkeka wa joto wa umeme ni kitu kizuri mahali pake, yaani chini ya boksi jembamba la plastiki la mtoto wa nyoka, ukichukua theluthi moja ya sakafu. Chini ya plaiwudi ya milimita 18 haufai. Joto halipiti, mkeka wenyewe unazidi kupata moto, na unachounguza hapo ni mbao. Ile taa nyekundu ya vifaranga ya wati 250 nayo iachieni vifaranga. Kwenye sanduku dogo hivi itavuka nyuzi 40 kabla hujamaliza chai.

Tunafika kwenye themostati, kile kifaa kinachowasha na kuzima taa kwa kufuata joto, na hapa hatuna haraka, kwa sababu ndipo nyoka wengi wanapofia. Hakuna sababu ya kuagiza ya bei kubwa kutoka nje. Zile za mashine za kutotolesha mayai, zinazouzwa kwa mafundi wa umeme mjini, zinafanya kazi vizuri na taa ya kauri. Lakini zina mitego mitatu.

Mtego wa kwanza: nyingi huuzwa zikiwa tayari zimewekwa nyuzi 37.5 au karibu yake, joto la yai la kuku. Mtu anafunga, anaona namba inasoma, anaridhika. Nyoka anapikwa taratibu. Weka iwashe taa ikishuka 31 na izime ikifika 32. Tofauti ya nyuzi moja inatosha. Ukiweka tofauti ya nyuzi 0.1, rilei, ile swichi ya ndani inayowasha na kuzima taa, itakuwa inagonga kila dakika na itachoka mapema.

Mtego wa pili ni kihisio, ule uzi mweusi wenye kichwa cha chuma. Kikiachwa kinaning'inia, nyoka atakisukuma mpaka upande wa baridi, au atakimwagia maji. Themostati itasoma nyuzi 22, itaamini kizimba kina baridi, na taa itawaka bila kuzima. Kifunge ukutani upande wa joto kwa klipu mbili, sentimita 4 juu ya matandiko, sawa na kimo cha mgongo wa nyoka aliyejilaza, pembeni mwa mahali taa inapomulika na siyo chini yake moja kwa moja.

Mtego wa tatu: rilei za bei nafuu zikiharibika mara nyingi hugandia kwenye kuwasha. Dawa yake ni themostati ya pili, iliyofungwa mfululizo na ya kwanza kwenye waya uleule wa moto, ikiwekwa kukata umeme kwenye nyuzi 36. Siku zote haifanyi kitu. Siku ya kwanza ikigandia, ya pili inakata. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kuku wawili.

Ukiwa na vipimajoto viwili vya kidijitali, kimoja kila upande, umepata nusu ya habari. Nusu nyingine ni joto la juu ya kitu chenyewe, pale tumbo linapogusa. Kwa hilo tumia bunduki ya kupimia joto, hata ile tuliyoizoea milangoni wakati wa korona, lakini ibadilishe kutoka upimaji wa mwili kwenda upimaji wa vitu. Ikiwa kwenye mwili, nyingi zitakuandikia 'Lo' kwa chochote kilicho chini ya nyuzi 32, na utadhani ni mbovu.

Umeme utakatika, na hilo halihitaji maelezo. Betri ya sola ya ampea 100 ya volti 12 inabeba wati-saa 1,200. Usiitumie zaidi ya nusu kama unataka ikae, na inveta nayo inakula sehemu yake. Unabaki na wati-saa 500 hivi, ambazo ni saa 6 au zaidi kidogo kwa sanduku lililovikwa stairofomu. Asiye na betri atumie chupa. Jaza chupa mbili za soda za lita 1.5, nusu maji ya kuchemka na nusu ya bomba. Mbeya maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa ajili ya mwinuko, kwa hiyo mchanganyiko unatua karibu na 55, na plastiki haijikunji. Vika kila chupa soksi nene, laza upande wa joto, funika sanduku zima kwa blanketi. Chupa hizo mbili zinatoa joto sawa na la taa kwa saa 1 hivi, ila kwa sababu blanketi limepunguza upotevu, unaweza kuzibadilisha kila baada ya saa 2. Chatu mzima mwenye afya atavumilia usiku mmoja wa nyuzi 19. Usiku wa tatu mfululizo ndio wenye makamasi, mluzi anapopumua, mdomo wazi na kichwa kilichoinuliwa juu. Dalili hizo ni za daktari wa mifugo, usingoje zipite.

Jiko la mkaa lisiingie chumba hicho, hata dakika kumi. Hewa yake ya sumu inaua watu kwenye nyumba za huku kwetu kwenye baridi, kama tunavyosikia, na nyoka atatangulia. Na umeme ukiwa haupo, usimlishe. Panya aliyemezwa na tumbo la baridi huoza ndani badala ya kusagwa, kisha hutapikwa, na kutapika kunamdhoofisha kwa wiki kadhaa.

Matandiko: huku mtu akisema maranda, anasema paini ya Sao Hill. Usitumie. Mafuta yake yenye harufu kali yanakera mapafu na ngozi, na mtarakwa ni mbaya zaidi. Tumia kokopiti, yaani unga wa makumbi ya nazi, ile ya wenye vitalu vya parachichi, lakini isiyochanganywa mbolea. Iloweke, ikamue, uirudie mara mbili kutoa chumvi, kisha itandaze sentimita 5 hadi 7. Unyevu wa hewa uwe asilimia 55 hadi 70. Kuanzia Juni mpaka Oktoba hewa yetu ni kavu na taa inazidi kuikausha, kwa hiyo mwaga maji kidogo kwenye kona za matandiko, chini, si kumpulizia nyoka. Juu pakavu, chini pabichi. Matandiko yakiwa chepechepe juu, magamba ya tumbo yanaota malengelenge. Hewa ikiwa kavu mno, gamba linavuliwa vipande vipande na kubaki kama karatasi kwenye ncha ya mkia na juu ya macho. Lile la jicho usilibandue kwa kucha.

Anahitaji maficho mawili yanayofanana, moja kila upande. Ukimwekea moja tu, atachagua kujificha hata kama upande huo haumfai kwa joto, na ataacha kula. Maficho yawe madogo kiasi kwamba akijikunja anagusa kuta. Hatujaona kinachozidi vyungu vya Wakisi vinavyouzwa Matema: vizito, havipinduki, vinashika joto. Kiloweke chungu maji usiku kucha, kata mlango wa sentimita 8 ukingoni kwa grenda yenye diski ya mawe, sugua ncha kwa msasa mpaka kidole kisikwame, kisha kipindue. Bakuli la maji liwe zito, pana la kumtosha kulala ndani, likae upande wa baridi.

Matundu ya hewa: sita ya milimita 10 chini upande wa baridi, sita juu upande wa joto, yote yamefunikwa wavu mdogo kwa ndani. Yakizidi hapo unapasha joto sebule. Kisha pitia kila pengo kwa kidole kidogo cha mkono. Kinapoingia kidole, mtoto wa chatu anapita, na pengo linalosahaulika zaidi ni lile kati ya vioo viwili vinapopishana. Bandika ukanda wa plastiki angavu kwenye kioo cha ndani. Nyoka husukuma usiku, kwa pua, mahali palepale, bila kuchoka. Akitoka katika mtaa wa kwetu hatapewa nafasi ya kujieleza: jembe la kwanza linammaliza, na mwenye nyumba atabaki akijibu maswali ambayo hayahusiani kabisa na ufugaji. Kufuli lifungwe hata ukitoka dakika tano, na ufunguo usikae mlangoni.

Chakula ni mada ndefu, tutagusa moja tu. Panya aliyekamatwa nyumbani au shambani asitumike. Huenda amekula sumu jana, na sumu hiyo haichagui tumbo. Wafugwe panya weupe, wauawe kabla ya kumpa, kwa sababu panya hai anayeachwa kizimbani usiku hugeuka na kumng'ata nyoka. Baada ya kushika nyoka au kuosha bakuli lake, nawa kwa sabuni. Bakuli hilo lisioshwe kwenye sinki la vyombo, na watoto wa chini ya miaka 5 wasimshike, kwa sababu ya bakteria wa salmonela.

Kizimba kikikamilika, nyoka asiingie siku hiyo. Kiwashe kikiwa kitupu, kikiwa na matandiko, vyungu na maji, siku 7 mfululizo. Weka daftari juu yake. Andika joto la pande zote mbili na unyevu saa 8 mchana, na tena saa 11 alfajiri, maana hiyo ndiyo saa ya baridi kali kuliko zote. Usiku mmoja zima swichi ya ukutani makusudi kwa saa 3 uone joto linashuka kiasi gani. Likishuka zaidi ya nyuzi 5, kuna mahali stairofomu haijakutana au blanketi halijafika. Fanya haya yote kabla hujalipia mnyama. Chatu mpira huishi miaka 20 hadi 30, na mwaka 2020 bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, ilikuwa na jike aliyekadiriwa kuvuka miaka 60 na bado akataga mayai, kwa hiyo kuchelewa wiki moja hakumpotezei kitu. Alfajiri zote saba zikikupa 31 huku na 25 kule, kamlete.

Wafugaji na mafundi wa vizimba,
Mbeya